Nyambizi ya pinki na barua mbili za kapteni mmoja

Najua kimya kimekuwa kirefu. Zamu za usiku zimeniandama wiki tatu mfululizo, na mtu wa zamu za usiku akifika mchana ni kama gunia tu, limewekwa hapo. Basi leo nimepata nafasi, tuendeleze soga.

Mada ya leo ni sinema. Namwona kabisa Mama Mdogo anavyotikisa kichwa: mtoto kaenda Marekani, badala ya kuleta habari za maana anatuletea sinema. Vuta subira Mama Mdogo, usifunge kwanza. Humu kuna jambo linalomhusu kila aliyewahi kujaza fomu akaipeleka dirishani, akaambiwa njoo kesho.

Sinema yenyewe ni ya zamani, inaitwa Operation Petticoat. Ilitoka mwaka 1959, mwongozaji ni Blake Edwards, na vinara wake ni Cary Grant na Tony Curtis. Petticoat ni gagulo, lile vazi la ndani walilovaa bibi zetu ili gauni likae sawasawa. Kwa hiyo ukipenda iite Operesheni Gagulo. Ni kichekesho cha vita, na sehemu kubwa inatokea ndani ya nyambizi, yaani ile manowari inayozama kwa hiari yake na kuibuka kwa hiari yake, Mungu akipenda.

Nawapa hadithi kwa kifupi. Ni Desemba 1941. Wajapani wameshaipiga Pearl Harbor na sasa wanazipiga kambi za Wamarekani kule Ufilipino. Nyambizi moja, Sea Tiger, inalipuliwa ikiwa gatini, haijafyatua hata topido moja. Kapteni wake, Matt Sherman (huyu ndiye Cary Grant), anawabembeleza wakubwa wamwachie aifufue, angalau ijikongoje mpaka Australia ikatengenezwe vizuri. Wanakubali kwa shingo upande. Vipuri hakuna, muda hakuna, na stoo wanataka fomu. Ndipo analetewa luteni mmoja, Nick Holden, ndiye Tony Curtis, kijana mtanashati aliyeingia jeshini kwa ajili ya sare nyeupe na ambaye bahari anaiona kwa mbali. Hajui nyambizi hata kidogo. Anachokijua ni kimoja: kuiba. Na si wizi wa kuokota okota. Jamaa anabeba mpaka ukuta wa ofisi ya admirali!

Hapo ndipo ninapoipendea. Holden ni mishentauni halisi, yule ambaye ukimwambia hakuna, anakuuliza hakuna kwa nani? Wakifika Cebu, kapteni anamwachia afungue kasino ili wanajeshi wacheze kamari kwa vifaa badala ya fedha. Mkesha wa mwaka mpya unakuja na mabaharia hawana nyama, basi Holden na mwenzake wanaiba nguruwe wa mkulima, na ili kupita kwa askari wa doria wanamvisha sare ya ubaharia na kumkalisha kwenye gari kama mwenzao aliyelewa. Kitimoto chenye cheo! Niliiona mara ya kwanza saa tisa za usiku nikiwa kazini na nilijiziba mdomo kwa mto nisiwaamshe wazee.

Mapema njiani wamewachukua manesi watano wa jeshi waliokwama kisiwani, na hilo ndilo gagulo la kwenye jina. Halafu ikaja rangi. Chombo kinahitaji kupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Nyekundu haitoshi, nyeupe haitoshi, bosi wa mabaharia anachanganya zote mbili. Inatokea pinki. Kabla hawajapaka ya kijivu juu yake ndege za Kijapani zinafika, na Sea Tiger inakimbilia baharini ikiwa pinki kama keki ya harusi. Redio ya Wajapani inaicheka, na Wamarekani wenyewe wanaamua huo ni ujanja wa adui, wanatoa amri ionekanapo izamishwe.

Sasa twende kwenye nilichotaka kusema.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia (jina na mahali nahifadhi) ambaye alikuwa baharia wa nyambizi miaka ya 1960, kwenye hizihizi za dizeli zilizobaki baada ya vita. Sinema hii anaijua kwa moyo. Mambo ya manesi hayamchekeshi sana. Nguruwe anamchekesha kiasi. Lakini ikifika pale ambapo Kapteni Sherman anaandika barua kwenda stoo kuhusu karatasi za chooni, mzee anacheka mpaka namshika mgongo. Fomu yake ya kuomba karatasi hizo imerudi na muhuri kwamba kifaa hakitambuliki. Siku moja mzee akaniambia, unajua barua ile ni ya kweli? Nikadhani ni uzee. Nikaenda kutafuta. Ni ya kweli.

Aliyeiandika ni James Wiggin Coe, kapteni wa nyambizi USS Skipjack, tarehe 11 Juni 1942. Karibu mwaka mzima kabla, 30 Julai 1941, chombo chake kilikuwa kimeomba roli 150 za karatasi za chooni kutoka stoo ya jeshi la majini Mare Island, California. Fomu ikarudi imefutwa, na sababu ni hiyohiyo: haitambuliki. Coe akakaa chini akaandika kwa heshima zote za kijeshi. Akaambatanisha kipande cha karatasi yenyewe kama sampuli ili stoo waione. Akauliza wao huko Mare Island wanatumia nini badala ya kitu hiki wasichokitambua. Akaeleza kuwa mabaharia wake wamejikimu kwa lundo la makaratasi ya ofisi yasiyo na maana yanayoletwa chomboni, na hivyo wanasaidia pia ule mpango wa wakubwa wa kupunguza makaratasi. Watunzi wa sinema waliichukua barua hiyo wakampa Cary Grant, na sehemu kubwa hawakuhitaji kuongeza chumvi.

Mtu aliyeishi kwetu atacheka kicheko chake mwenyewe hapo. Nani asiyejua "haitambuliki"? Na msidhani ni ugonjwa wa nyumbani tu. Huku nimewahi kurudishiwa fomu ya vibali kwa sababu jina la kijiji nilikozaliwa lilikuwa refu kuliko visanduku vyake. Ofisi siitaji, bado nina shida nayo!

Lakini Coe aliandika malalamiko mengine, na haya hakuna aliyeyatengenezea kichekesho.

Nyambizi za Marekani ziliingia vitani na topido iliyoitwa Mark 14. Ilikuwa mbovu. Ilipita chini zaidi kuliko ilivyowekwa, kwa hiyo ilipenya chini ya meli ya adui bila kuigusa, na hata ilipogonga, mara nyingi haikulipuka. Makapteni walirudi wakasema topido zina kasoro. Ofisi iliyozitengeneza ikajibu kuwa makapteni hawajui kulenga. Fikirieni hiyo. Mtu amejipenyeza mpaka karibu na meli ya adui, amefyatua, meli imeendelea na safari yake, sasa wasindikizaji wake wanamtafuta na mabomu ya majini juu ya kichwa chake, kisha akifika salama anaambiwa tatizo ni jicho lake. Coe aliandika kwenye ripoti yake, kwa ulimi uleule mkali, kwamba kusafiri maili 8,500 kwenda na kurudi kwenye maji ya adui ili kugundua kuwa topido hazifanyi kazi si njia nzuri ya kupata habari hiyo, wakati ingeweza kupatikana asubuhi yoyote karibu na kiwanda.

Mwishowe admirali mmoja aliyekuwa Australia, Charles Lockwood, aliacha kubishana. Mwezi huohuo wa Juni 1942 akaagiza nyavu za kuvulia samaki zitandazwe baharini pale Albany, magharibi mwa Australia, na topido zifyatuliwe zipite humo, wapime tundu liko wapi. Chombo kilichofyatua ni Skipjack ya Coe. Topido iliyowekwa ipite mita 3 chini ya maji ilitoboa wavu kwenye mita zaidi ya 7. Nyavu za samaki, jamani! Wavuvi wa Bagamoyo wangewapa jibu hilo bure. Hata hivyo ubishi haukuisha siku hiyo, na kasoro nyingine zilichukua mpaka 1943 kurekebishwa.

Kwa hiyo ndani ya muda mfupi mtu yuleyule alipigana na ugonjwa uleule mara mbili, ofisi ya mbali isiyomwamini aliye majini. Mara moja kwa karatasi za chooni, mara nyingine kwa silaha ambayo maisha ya watu yaliitegemea. La kwanza likawa kichekesho kikubwa. Inasimuliwa hata kuwa Skipjack iliporudi bandarini ilikuta roli za karatasi zimepangwa lundo gatini. Coe mwenyewe hakuiona sinema. Alipewa nyambizi mpya, USS Cisco, na Septemba 1943 ikapotea na watu wake wote, yeye akiwa kapteni. Katika vita ile Marekani ilipoteza nyambizi 52 na mabaharia wa nyambizi takriban 3,500.

Nilipomsimulia mzee habari za Cisco alinyamaza kidogo, akasema ndiyo maana tulicheka sana na karatasi. Sikumwelewa siku ile, na sijui kama namwelewa vizuri hata sasa. Ninachoamini ni hiki: sinema hii inachekesha kwa sababu vichekesho vyake vizuri vyote vimeokotwa chini, havikutungwa mezani. Hata rangi. Tarehe 10 Desemba 1941 Wajapani walipiga kweli kambi ya Cavite, Ufilipino, na nyambizi mbili zilizokuwa pamoja gatini zilipigwa, Sealion na Seadragon. Moto uliibabua Seadragon rangi yake nyeusi mpaka ile nyekundu ya chini ikaonekana, ikaenda vitani hivyohivyo, na redio ya Wajapani ikatangaza habari za nyambizi nyekundu. Hata ile topido ya Sherman inayopanda ufukweni na kulipua lori ina ndugu yake: mwaka 1944 topido za USS Bowfin ziligonga gati la kisiwa kimoja cha Japani na kuondoka na basi.

Kilichotungwa ni mwisho mwema. Sea Tiger ya sinema inafufuliwa na kufika salama. Sealion ya kweli ilishindikana, na siku ya Krismasi 1941 Wamarekani wenyewe wakailipua isiangukie mikononi mwa adui. Sinema imechukua miezi mibaya kabisa ya jeshi lile na kuirekebisha. Siwalaumu. Ilikuwa imepita miaka kumi na minne tu tangu vita viishe, kumbi zilijaa wake, mama na kaka za wale 3,500, na kama ingekuwa mimi ningewapa nguruwe mwenye sare pia. Watu waliipenda, ilikuwa miongoni mwa sinema zilizoingiza fedha nyingi kipindi kile. Mchezo wake ukapendekezwa kwa Oscar ya uandishi, ukashindwa na Pillow Talk, ambayo wawili kati ya waandishi wake ni haohao. Walijishinda wenyewe.

Pale ninapogombana nayo ni kwenye manesi. Hapa naomba dada yangu asome taratibu, maana yeye ni nesi, na wengi wa dada zetu huku ni manesi au wanahudumia wazee kama mimi.

Katika sinema wanawake ni usumbufu. Njia ni nyembamba, kila wakipishana na baharia kuna kugusana, na kamera inahakikisha umeona. Luteni Crandall, aliyechezwa na Joan O'Brien, kapewa kazi mbili tu, kuwa na kifua kikubwa na kuharibu vitu. Ni yeye anayegonga swichi na kumpotezea kapteni ile meli ya mafuta, ndipo lori likalipuka. Kisha kapteni anamwoa. Grant alikuwa na miaka 55, binti 23, na hakuna mtu chomboni anayeshangaa. Mwenye nafuu ni Meja Heywood, mkubwa wa manesi hao, anayeingia chumba cha injini, fundi Tostin akifura kwa hasira, na kuziba pengo la kipuri kwa mkanda wake wa kubania tumbo. Injini inawaka. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo sinema inakumbuka kuwa hawa ni watu waliosomea kazi. Mwishoni, manowari ya Kimarekani inapokaribia kuwazamisha, wanaokolewa na sidiria ya Crandall iliyofyatuliwa kupitia bomba la topido. Nilicheka, siwezi kuwadanganya.

Ila manesi wa kweli wa Ufilipino, sikilizeni. Tarehe 3 Mei 1942 nyambizi USS Spearfish iliingia usiku kwenye kisiwa cha Corregidor kilichozingirwa na kuondoka na watu wachache, wakiwemo manesi kadhaa. Hicho ndicho kiini cha kweli cha hadithi ya wanawake nyambizini. Siku tatu baadaye kisiwa kikaanguka. Waliobaki hawakuwa na nafasi kwenye chombo chochote. Kwa jumla manesi 77 wa jeshi la nchi kavu na la majini walikamatwa Ufilipino, wakawekwa kambini mpaka Februari 1945, na humo kambini, wakiwa na njaa, waliendelea kupanga zamu na kuuguza wafungwa wenzao. Wote 77 walitoka hai. Mimi nikisoma habari hiyo halafu nikamwona Crandall anakwama mlangoni, kicheko kinakuwa na mchanga ndani yake. Mabaharia wamepewa kichekesho kilichotokana na werevu wa mtu halisi. Manesi wamepewa kichekesho cha nguo za ndani.

Mtasema ni ya 1959, nyakati zilikuwa hizo. Sawa. Lakini mwaka huo wengi wa manesi wale walikuwa hai, wengine bado kazini, na ni nani aliyewauliza? Televisheni ya Marekani iliirudia hadithi hii mwaka 1977 na nesi mmoja akachezwa na Jamie Lee Curtis, binti wa Tony mwenyewe. Hata hapo kiini kikabaki magagulo.

Niwape na kipande kitakachowafurahisha nyie mlio na watoto wanaoota kuja huku. Cary Grant, huyo mnayemwona amekaa kibwana kuliko mabwana wote, ni mhamiaji. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904, jina lake Archibald Leach, akaja Marekani kijana mdogo na kundi la sarakasi, uraia akapata 1942. Tony Curtis ni Bernard Schwartz, mtoto wa Wayahudi waliotoka Hungaria, kakulia kwenye umaskini wa New York. Akiwa kijana alimwona Grant akicheza kapteni wa nyambizi kwenye Destination Tokyo ya 1943, akaamua naye lazima aingie kwenye mambo ya nyambizi. Aliingia jeshi la majini, akawekwa USS Proteus, meli inayohudumia nyambizi, na akiwa juu ya meli hiyo alishuhudia Japani ikisalimu amri ghuba ya Tokyo mwaka 1945. Miaka kumi na minne baadaye amesimama ndani ya nyambizi ya pinki kando ya mtu yuleyule. Mkiitazama, mwangalieni anavyomtazama Grant akiwa kwenye periskopu. Hapo haigizi sana.

Nyambizi iliyopakwa pinki ilikuwa ya kweli pia, USS Balao, na picha nyingi zilipigwa Key West, Florida. Mwaka 1963 walimaliza kazi nayo kwa kuizamisha kama shabaha ya mazoezi, ila mnara wake wa juu uliokolewa na kuwekwa maonyesho Washington Navy Yard. Kwa walio na hamu ya kuona nzima, Baltimore hapa jirani ipo USS Torsk ya wakati wa vita, imetiwa nanga bandarini. Nimeingia. Urefu ni kama mita 95 na watu karibu 80 walikaa humo kwa wiki kadhaa. Vitanda vimening'inizwa juu ya topido. Mlango wa chumba hadi chumba ni tundu, unatanguliza mguu kisha unainamisha kichwa, na mimi niliyezoea daladala za Mbagala nilitoka nikitafuta hewa. Mzee anasema bado walinisetiri, kwa sababu harufu ya dizeli, jasho na kabichi imeshaondoka. Na ni watu wa namna hiyo waliokosa karatasi.

Haya, ina saa mbili na dakika chache, na watoto wanaweza kukaa nayo, ila kina shangazi watakohoa kidogo pale kwenye kifua cha Crandall. Binamu anakuja huko Desemba, nimempa diski. Isizunguke mtaani ikapotea kama ile nyingine. Anayeanza ni Baba Mkubwa. Alikaa stoo ya serikali miaka ishirini na saba, upande wa ndani wa dirisha, na ningependa kusikia utetezi wake.